Kabla ya Kumwita Mungu, Hesabu Saa za Kazi ya Mkono

Kitovu cha sanamu ya Willendorf, iliyochimbuliwa nchini Austria, kilitolewa na jiwe lenyewe. Mwaka 2022 timu ya Gerhard Weber wa Chuo Kikuu cha Vienna ilichapisha picha za ndani ya sanamu hiyo ndogo, yenye urefu wa sentimita 11 na umri wa miaka kati ya 25,000 na 30,000. Ndani ya lile jiwe la chokaa waliona punje ngumu za madini ya chuma. Mchongaji alipokuwa kazini, baadhi ya punje hizo ziling'oka na kuacha vishimo vya mviringo. Kimoja kilitokea tumboni, mahali panapofaa. Watafiti wanaona kwamba mchongaji alikitumia kama kilivyo, akakifanya kitovu.

Nilipoisoma habari hiyo niliweka patasi chini nikakaa kimya kwa muda. Tangu sanamu ile ichimbuliwe mwaka 1908 imeitwa Venasi, imeitwa mungu wa uzazi, imeitwa mama mkuu, imeitwa hirizi, na kila jina limeanzia kwenye maana. Kitovu kinaanzia mahali pengine kabisa. Punje imeng'oka, mtu amesita, amegeuza jiwe kwenye mwanga, ameamua. Kila anayechonga anaijua pumzi hiyo moja ya kusita. Kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba kuna mtu upande wa pili wa ile miaka.

Wahenga walisema kinyago cha kuchonga mwenyewe hakikutishi. Methali hiyo kwa kawaida hutumika kwa wakubwa waliosahau ni nani aliyewainua. Mimi nimezoea kuisoma kama kanuni ya akiolojia. Aliyekichonga anajua nyundo ilipoteleza, anajua pua ilikuwa ndefu zaidi hadi ilipovunjika siku ya tatu. Aliyekiokota hajui lolote kati ya hayo, na asiyejua hutishika. Nadhani tafsiri nyingi za sanamu za kale zimeandikwa katika hali hiyo ya kutishika, na neno linalokuja haraka mdomoni mwa mtu aliyetishika ni "ibada".

Nina mchezo ninaoucheza jioni ninapofagia karakana. Najifanya nimekuja kuichimba baada ya miaka 3,000. Mbao zimeoza, karatasi zimeoza, chuma kimekuwa kutu, mimi mwenyewe simo. Vimebaki mawe na udongo uliochomwa. Kwanza nakuta masikio, 14 kwa hesabu, yote ya kushoto, yamepangwa mstari mmoja kando ya ukuta. Halafu kichwa cha mwanamke kilichopasuliwa katikati kwa makusudi, nusu mbili zimelala pamoja. Halafu shimo lenye vidonge vya udongo zaidi ya 100, kila kimoja kimefinywa ndani ya ngumi hata mistari ya kiganja inaonekana.

Mchimbaji mwangalifu ataandika nini? Ataandika kwamba watu hawa walikuwa na ibada ya kusikiliza, kwamba walivunja sura za wafu wao, na kwamba kila muumini alileta sadaka yenye alama ya mkono wake. Ni maelezo mazuri, yanashikamana, na naweza kuyatetea mbele ya jopo lolote. Ukweli ni huu: masikio ni mazoezi ya mwanagenzi aliyesumbuliwa na sikio la kushoto kwa wiki tatu. Kichwa nilikipasua kuona kama ukuta wake ulikuwa mnene mno. Vidonge ni vipimo: kila mzigo mpya wa udongo naufinya kidogo, nauchoma, naangalia rangi na kiasi cha kusinyaa, kisha natupa shimoni.

Lakini mchezo haujaishia hapo, na sehemu ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Je, mchimbaji angeweza kujua? Angeweza. Masikio yale ukiyapanga kwa kuangalia kazi, la kwanza ni kipande cha unga uliokandwa vibaya na la 14 linakaribia kusikia. Mtu anajifunza mbele ya macho yako. Ukuta wa kichwa kilichopasuliwa haukusuguliwa wala kupakwa kitu, maana yake hakuna aliyekihitaji baada ya hapo. Na vidonge havichukui hata sekunde tano kimoja. Ushahidi wote upo juu ya vitu vyenyewe. Unachohitaji ni kuuliza, kabla ya swali jingine lolote: kitu hiki kilimchukua mtu muda gani?

Swali la muda linasikika dogo. Kwangu ndilo linalofungua mlango. Tazama sanamu ya mtu mwenye kichwa cha simba, iliyokutwa vipandevipande katika pango la Hohlenstein-Stadel nchini Ujerumani mwaka 1939, siku chache kabla ya vita kukatiza uchimbaji. Imechongwa kwenye pembe ya mamothi, yule tembo mwenye manyoya wa wakati wa barafu, ina urefu wa sentimita 31 na umri unaokaribia miaka 40,000. Wulf Hein, fundi wa kuiga kazi za kale, alichonga nakala yake kwa zana za mawe tu. Alitumia zaidi ya saa 370. Kaa na idadi hiyo kidogo. Ni miezi ya kazi kwa mtu anayechonga mchana tu, wakati wa barafu, katika kundi dogo ambalo kila mkono ulihitajika kuwinda, kukusanya kuni na kushona ngozi. Kuna watu waliomlisha mchongaji huyu. Waliona akisugua pembe siku baada ya siku na hawakumwambia aache. Hapo niko tayari kuambiwa habari za miungu na mizimu, kwa sababu saa 370 za mtu aliyelishwa na wenzake ni jambo la jamii nzima.

Sasa weka kando yake mbuzi wa udongo aliyefinywa kwa dakika mbili. Katika kabati la makumbusho vitu hivyo viwili hupata kibao cha aina moja: sanamu, Zama za Mawe, huenda ilitumika katika ibada. Hapo ndipo ninapokataa. Vibao hivyo vimefuta tofauti kubwa kuliko zote, tofauti kati ya nadhiri na mguso wa kupita.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni Dolní Věstonice, katika Jamhuri ya Cheki ya leo. Tangu mwaka 1924 Karel Absolon alichimba pale kambi ya wawindaji wa mamothi, na mwaka uliofuata ikatokea ndani ya jivu sanamu ya mwanamke ya udongo uliochomwa, imevunjika vipande viwili. Ni miongoni mwa vitu vya kwanza kabisa duniani kuchomwa kwa udongo, maelfu mengi ya miaka kabla ya chungu cha kupikia. Eneo hilo na jirani yake Pavlov vimetoa maelfu ya vipande: vichwa vya simba, miguu ya dubu, mabonge yasiyo na umbo. Karibu vyote vimevunjika. Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kwamba mafundi wale hawakujua kazi, au kwamba walivunja sanamu kwa kafara.

Mwaka 1989 Pamela Vandiver, Olga Soffer na wenzao walichunguza mipasuko yenyewe. Wakaona kwamba vingi vilipasuka kwa mshtuko wa joto, ndani ya moto. Waligundua pia kwamba udongo wa eneo lile hauvunjiki kirahisi namna hiyo. Ili upasuke lazima uuingize motoni ukiwa bado na maji, yaani umefanya kusudi, au angalau hujali. Wakapendekeza kwamba kupasuka ndiko kulikotafutwa. Sanamu haikutengenezwa ikae, ilitengenezwa ilie.

Naomba msomaji asiyewahi kuchoma udongo anisikilize hapa. Udongo mbichi ukiingia motoni, maji yaliyonaswa ndani hugeuka mvuke, mvuke hutafuta njia, usipoipata hupasua ukuta. Sauti yake ni kama kijiti kikavu kuvunjwa karibu na sikio, na vipande huruka. Wahenga waliosema udongo uwahi ungali maji walikuwa wanasema habari za kufinyanga. Motoni mambo ni kinyume, na kila mwanagenzi hulijua hilo kwa hasara. Nami nilipokuwa mwanagenzi, tukishamaliza kazi ya siku tulitupa mabaki ya udongo mbichi kwenye moto wa kuni. Tulifinya wanyama wadogo kwanza, kwa sababu mnyama kupasuka kunapendeza kuliko bonge kupasuka. Tulingoja. Tulishangilia. Tulibishana wa nani atalia kwanza.

Tunapochagua kati ya uzembe na ibada, naona tumeruka kitu kinachokaa katikati, nacho ni mchezo. Kusema mchezo si kuwashusha watu wale hadhi. Watu waliokuwa na usiku mrefu wa baridi, moto mkubwa na udongo usiokwisha walikuwa na kila sababu ya kucheza, na mtu anayecheza kila usiku kwa miaka mingi huishia kujua udongo unafanya nini kwenye joto. Sitashangaa ikiwa ufundi wa kuchoma ulizaliwa hapo. Mchezo na ibada hata havilazimiki kugombana. Jambo linaweza kuanza kwa kicheko na wajukuu wakalirithi kama mwiko.

Na kuna alama ya kidole. Mgongoni mwa mwanamke yule wa Dolní Věstonice pana alama iliyoachwa kabla ya moto, ambayo wachunguzi wanaikadiria kuwa ya mtoto wa kati ya miaka 7 na 15. Huenda mtoto aliichukua tu kuitazama wakati bado laini, akaambiwa airudishe. Huenda aliitengeneza mwenyewe. Ninachojua ni kwamba mtoto alikuwepo kazini, karibu vya kutosha kugusa, na kwamba hakuna mtu aliyejali kuifuta alama yake. Ningeisahau tafsiri yote ya mungu wa uzazi ili nibaki na kidole hicho.

Wanaakiolojia wenyewe wamekuwa wakisogea upande huu, na ni haki kulisema hilo. Peter Ucko alihoji tangu miaka ya 1960 kwa nini kila kijisanamu kiwe mungu wakati kinaweza kuwa mwanasesere au kifaa cha kufundishia. Çatalhöyük, mji wa kale nchini Uturuki, ni mahali pazuri pa kuona mabadiliko hayo. James Mellaart alipochimba pale mwaka 1961 alikuta, ndani ya pipa la kuhifadhia nafaka, mwanamke mnene aliyeketi kati ya wanyama wawili, na kutoka kwake ikajengwa hadithi ya Mungu Mama iliyosafiri dunia nzima. (Kichwa anachoonyeshwa nacho leo ni cha kutengenezwa na warekebishaji wa siku zetu. Watu wengi waliotafakari uso wake hawajui hilo.) Timu ya Ian Hodder iliporudi kuanzia mwaka 1993 na kuhesabu kila kitu, ilikuta kwamba vijisanamu vingi ni vya wanyama, vimefinywa haraka, na vingi vimetupwa jaani pamoja na mifupa na majivu. Dakika mbili za kazi, kisha jaani. Hapo hapo, mwaka 2016, ikatoka sanamu ya mwanamke ya marumaru, ya sentimita 17 na uzito wa karibu kilo moja, imesuguliwa hadi kung'aa, imewekwa chini ya jukwaa la nyumba pamoja na kipande cha kioo cha volkano. Mji ule ule, watu wale wale, na vitu viwili ambavyo mkono unavitenganisha kabla akili haijasema neno.

Ugonjwa wa kuanza na maana hauwashiki wachimbaji peke yao. Mwaka 1926 maofisa wa forodha wa Marekani walifungua kasha wakakuta ndege wa shaba wa mchongaji Constantin Brancusi, mrefu, mwembamba, asiye na bawa wala mdomo. Wakauliza kinatumika kwa nini. Kwa kuwa hawakuona jibu, wakakiandika miongoni mwa vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali na kukitoza ushuru wa asilimia 40. Kesi iliisha mwaka 1928 kwa ushindi wa msanii. Kinachonivutia ni kwamba kosa lao ni kosa la "ibada" lililogeuzwa kichwa chini: mmoja haoni matumizi anasema mungu, mwingine haoni matumizi anasema sufuria.

Na wajuzi wa sanaa je? Mwaka 1984, wakati mji wa Livorno nchini Italia ukiadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa mchoraji na mchongaji Amedeo Modigliani, mfereji ulichimbwa kufuatilia simulizi kwamba aliwahi kutupa humo vichwa alivyochonga. Vikapatikana vichwa vitatu vya mawe. Wataalamu wakaona ndani yake roho ya msanii kijana. Kisha vijana watatu wakajitokeza na kueleza kwamba kimoja ni chao, wamekichonga kwa drili ya umeme, na wakachonga kingine mbele ya kamera za televisheni watu wakitazama. Vile viwili vilikuwa vya mtu mwingine. Mfereji ulitarajiwa kutoa Modigliani, ukatoa. Kazi ya saa chache ilikuwa imesomwa kama kilio cha moyo, kwa sababu maana ilifika kabla ya jiwe.

Lazima nieleze pia pale ambapo jicho la mchongaji lenyewe limeshindwa, la sivyo nitakuwa natetea kabila langu. Tarehe 14 Januari 1506 katika shamba la mizabibu mjini Roma ilifukuliwa sanamu ya Laocoön, kuhani anayenyongwa na nyoka pamoja na wanawe wawili. Mchongaji Michelangelo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuiona ardhini. Mkono wa kulia wa baba haukuwepo. Ulikuwa umeelekea wapi? Inasimuliwa kwamba Michelangelo alisema ulikunjwa nyuma, kuelekea bega. Ukitazama misuli ya kifua na namna kwapa lilivyovutwa unaelewa kwa nini: mwili unaovutwa na uzito nyuma ya kichwa haujengeki sawa na mwili unaosukuma mbele. Lakini wachongaji wengine, mafundi wakubwa, waliunyoosha juu. Jacopo Sansovino alifanya hivyo katika nakala iliyosifiwa na mchoraji Raphael, na Giovanni Angelo Montorsoli akautengeneza mkono ulionyooka ambao sanamu ilikuja kujulikana nao kwa karne nyingi. Mkono ulionyooka una ushujaa. Ulimfaa kuhani, ulilifaa jumba la papa, ulikifaa kitabu cha shule.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Ludwig Pollak, mwanaakiolojia na mfanyabiashara wa vitu vya kale, aliuona katika ua wa mchonga mawe mjini Roma kipande cha mkono wa marumaru uliokunjwa. Ulikaa Vatikani kwa miongo kadhaa. Ulipounganishwa na sanamu, mwishoni mwa miaka ya 1950, tundu la zamani lililotobolewa kwenye mkono lilioana na tundu la begani. Hadithi hii naipenda kwa sababu walioushinda ukweli kwa karne zote hizo walikuwa watu wa kazi yangu. Walikuwa na mikono hodari kuliko wangu mara 100. Walichokosa siku ile ni utaratibu wa kuuliza: waliuliza kwanza shujaa anapaswa kufa vipi, kisha wakarudi kwenye misuli kutafuta ruhusa.

Wakati mwingine utaratibu huo mbaya huumiza watu walio hai. Mtafiti Mjerumani Leo Frobenius alipoona vichwa vya Ife, mji wa Nigeria, mwaka 1910, kazi ya utulivu na ustadi usio na shaka, alihitimisha kwamba Wagiriki waliopotea wa Atlantisi, kile kisiwa cha hadithi kilichozama baharini, walifika Afrika Magharibi. Alikuwa amesimama katikati ya mji wa watu ambao mababu zao walivitengeneza. Hilo halikuwa kosa la kukosa ushahidi. Udongo wa vichwa vile ulikuwa na njia yake ya kutayarishwa, moto wake na vidole vyake, na wafinyanzi walikuwepo wa kuulizwa. Maana ilikuwa imeshaamuliwa kabla hajashuka kutoka melini.

Ndiyo maana nataka wachongaji na wafinyanzi waitwe mapema kwenye uchimbaji, kabla kibao hakijaandikwa, wala si baadaye kuja kutengeneza nakala za duka la makumbusho. Mpe mfinyanzi kile kipande. Atakigeuza, atatafuta upande kilikoshikwa, ataingiza dole gumba lake ndani ya alama ya dole gumba la zamani, na mara nyingi atakuambia kwanza kitu ambacho hakipo kwenye fomu yako: aliyefanya hivi alikuwa na haraka, huyu alikuwa anajifunza, huyu alirudia mara tatu na bado hakuridhika.

Huwa namaliza mchezo wangu wa jioni kwa kukumbuka kichwa cha Jemaa. Kilitoka katika machimbo ya bati ya Nigeria, kichwa cha udongo uliochomwa cha utamaduni wa Nok, cha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 kilimfikia mwanaakiolojia Bernard Fagg, aliyetambua kwamba kinafanana na kingine kilichopatikana mwaka 1928, na hapo ndipo dunia ilipoanza kuijua Nok. Kabla ya hapo karani mmoja wa machimbo alikuwa amekichukua nyumbani, akakiweka shambani juu ya mti kiwe kitisha-ndege katikati ya viazi vikuu. Kilikaa pale karibu mwaka mzima, kwenye jua na mvua. Nimejaribu kukichora kikiwa hapo zaidi ya mara 20: macho yale ya pembetatu yenye matundu, mdomo uliofunguka kidogo, majani yakipanda kuelekea shingoni, na ndege mmoja ametua mbali kidogo, hajaamua.